Walioona Mapema Ndio Waliofikiwa Mwisho

Kambi ya jeshi ya Nahal Oz, kusini mwa Israel, ipo chini ya kilomita moja kutoka uzio wa Gaza. Ndani yake palikuwa na chumba cha viwambo, na mbele ya viwambo hivyo waliketi wanajeshi wa kike, wengi wao wasichana waliomaliza shule juzi tu, kila mmoja akikodolea macho kipande chake cha mpaka. Kazi hiyo huchosha, lakini humfundisha mtu mambo ya kila siku ya eneo lake: mkulima gani huja saa ngapi, njia gani hupitwa na nani, siku gani kumetulia kuliko kawaida. Katika miezi iliyotangulia Oktoba 2023 walianza kuona mambo mageni. Wanaume wakifanya mazoezi ya kuvamia, droni zikirushwa, watu wakisogea hadi karibu na uzio. Waliripoti kwa wakubwa wao, tena zaidi ya mara moja. Jumamosi ya 7 Oktoba, kambi yao ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza kuvamiwa. Hawakuwa na silaha. Zaidi ya kumi kati yao waliuawa humo humo, na saba wakachukuliwa mateka.

Tangu siku hiyo watu wamekuwa wakiuliza maswali mawili, na huyauliza kama vile hayahusiani. La kwanza: jeshi lenye nguvu kiasi kile lilishtukizwaje? La pili: kwa nini jeshi hilo hilo, likishaingia mjini kuwafuata wanamgambo, huchukua miezi na hata miaka, na kuacha nyuma yake maelfu ya raia waliokufa? Mimi nayaona kuwa swali moja. Yote mawili yanahusu muda, na yote yanahusu watu wanaoishi mahali hapo, ambao husikilizwa kidogo kabla ya shambulio na hulipa gharama kubwa baada yake.

Taarifa zilikuwepo

Shambulio la kushtukiza mara chache hutokea kwa sababu hakuna aliyejua. Hamas, kundi la Kipalestina lililofanya shambulio hilo kutoka Gaza, ilikuwa na mpango wa kuvamia vijiji na kambi za mpakani, na nakala ya mpango wa namna hiyo ilikuwa imeshafika mikononi mwa jeshi la Israel zaidi ya mwaka mmoja kabla. Wakubwa waliuona kuwa ndoto isiyotekelezeka. Kulikuwa na imani iliyokwisha kuota mizizi kwamba Hamas haitaki vita kubwa, kwamba maelfu ya vibali vya kazi kwa Wapalestina wa Gaza vimeituliza, na kwamba uzio unatosha. Taarifa mpya iliyogongana na imani hiyo ilitafsiriwa mpaka ikakubaliana nayo.

Uzio wenyewe unastahili kutazamwa kwa makini, maana nchi nyingi zinaota kujenga wa aina yake. Ulikamilika Desemba 2021, ukiwa na urefu wa takriban kilomita 65 na gharama ya zaidi ya dola bilioni moja. Chini ya ardhi kulikuwa na ukuta wenye vihisio vya kugundua mahandaki. Juu kulikuwa na kamera, rada, na bunduki zinazofyatuliwa kutoka mbali. Wanamgambo walitumia droni ndogo za bei nafuu kudondosha vilipuzi juu ya minara, kamera zikazimika, bunduki zikanyamaza, kisha matingatinga yakaja kung'oa waya. Ilikuwa ni Jumamosi na sikukuu, askari wengi wako likizo. Uzio wowote hufanya kazi moja tu, kumchelewesha mvamizi mpaka watu wafike. Pasipo watu wa kufika, ni waya tu.

Lakini nisiwe mwepesi wa kulaumu. Ofisa anayepokea ripoti hizi hupokea nyingi kila wiki, na nyingi huishia hewani. Akiamsha jeshi kila mara, askari watachoka, fedha zitakwisha, na mara ya kumi hakuna atakayemwamini. Tatizo ni namna anavyochagua ya kusikiliza. Cheo cha mtoa taarifa huhesabiwa kuliko ukaribu wake na jambo. Msichana wa miaka 19 aliyekiangalia kilima kimoja kwa mwaka mzima hana uzito mbele ya mchambuzi aliyeko makao makuu, ambaye kilima hicho hajawahi kukiona.

Jambo kama hilo lilitokea Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, ingawa huko hakukuwa na kamera. Kabla ya shambulio la kwanza la Mocímboa da Praia, 5 Oktoba 2017, wazee na viongozi wa Kiislamu wa eneo hilo walikuwa wamekwisha kulalamika kwa mamlaka kuhusu kundi la vijana waliojitenga na misikiti ya wazazi wao na kukataa shule na sheria za nchi. Hawakusikilizwa vya kutosha. Shambulio lilipotokea, dola ilijibu kwa kukamata mamia ya watu na kufunga misikiti, na waliokuwa wametoa tahadhari wakajikuta nao wanatazamwa kama washukiwa.

Hapo ndipo jamii za mpakani zinapobanwa. Mpaka wa kwenye ramani mara nyingi umekata ukoo katikati. Wasomali wako Mandera, Kenya, na wako Bula Hawa, Somalia. Wamakonde wako pande zote mbili za Mto Ruvuma, kati ya Tanzania na Msumbiji. Watu huvuka kwenda harusini, sokoni, msibani, kwa hiyo habari huvuka nao. Mgeni akilala kijijini, inajulikana. Lakini anayeipeleka habari hiyo kituoni anaweka shingo yake rehani. Wanamgambo huua watoa habari hadharani ili wengine waone. Na askari waliotoka mbali, wasiojua lugha ya pale, huona kila kijana kuwa adui. Mtu akiwa kati ya hao wawili, kunyamaza huwa ndiyo njia ya kubaki hai.

Hata hivyo wapo waliokataa kunyamaza. Novemba 2014, Al-Shabaab walisimamisha basi karibu na Mandera, wakawatenga abiria wasio Waislamu na kuwaua watu 28. Desemba 2015 wakajaribu tena katika kaunti hiyo hiyo, na safari hii abiria Waislamu wakagoma kutengwa na wenzao. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi katika tukio hilo na akafariki mwezi uliofuata. Ukitaka kujua kama wakazi wa mpakani wako upande wa wanamgambo, anza na basi hilo.

Saa za mwanzo

Baada ya risasi ya kwanza, hesabu hugeuka kuwa ya dakika. Wanaopanga mashambulio haya hujua kwamba hawawezi kushinda jeshi zima, kwa hiyo hununua muda. Hushambulia mawasiliano na makao ya amri kwanza. Hupiga sehemu nyingi kwa wakati mmoja ili makao makuu yasijue kubwa ni lipi. Kisha huvizia kwenye makutano ya barabara, maana wanajua msaada utapitia hapo, na utakuja kwa vikundi vidogo vidogo vyenye haraka na visivyo na picha kamili. Ndivyo ilivyokuwa kwenye barabara za kusini mwa Israel asubuhi ile, ambapo askari na polisi wengi waliuawa ndani ya magari yao wakikimbilia kuokoa.

Nir Oz, kijiji cha ushirika chenye wakazi wapatao 400, kilipoteza takriban mtu mmoja kati ya kila wanne, waliouawa au kutekwa. Askari wa kwanza waliingia baada ya mshambuliaji wa mwisho kuondoka. Ndani ya nyumba za huko kuna chumba cha usalama chenye kuta za zege, kilichojengwa dhidi ya maroketi. Mlango wake haukuwekewa kufuli la kumzuia mtu wa nje, kwa sababu waliouchora walimfikiria mwokoaji atakayehitaji kuufungua baada ya roketi kupiga. Kwa hiyo kina baba na kina mama walikishikilia kitasa kwa mikono, saa baada ya saa, huku mtu upande wa pili akikivuta. Baadhi waliweza kukishikilia mpaka mwisho. Wengine walipigwa risasi kupitia mlango, au nyumba ikachomwa moto mpaka moshi ukawatoa. Sijui kama kuna kitu kinachoonyesha vizuri zaidi maana ya kujiandaa kwa vita vilivyopita.

Kulikuwa pia na vikosi vya ulinzi vya wakazi wenyewe. Katika baadhi ya vijiji bunduki zao zilifungiwa kwenye ghala kwa sababu ya hofu ya wizi, na watu waliuawa wakiwa njiani kuelekea ghalani. Mefalsim, ambako wakazi walishika silaha mapema na kujipanga, walifanikiwa kuwazuia wavamizi. Tofauti kati ya kijiji na kijiji ilikuwa dakika chache na umbali wa hatua chache.

Chuo Kikuu cha Garissa, 2 Aprili 2015, kilikuwa na uchungu wa namna hiyo hiyo. Washambuliaji wanne waliingia alfajiri. Tahadhari kuhusu vyuo vikuu ilikuwa imetolewa siku chache kabla. Kikosi maalumu cha polisi kilikuwa Nairobi, kikafika Garissa mchana, na kilipoingia kazi yake ilikwisha kwa muda mfupi. Kufikia hapo idadi ya waliouawa ilikuwa imefika 148. Palma, Cabo Delgado, nako, 24 Machi 2021, mji ulipovamiwa kulikuwa na mamia ya wanajeshi kwenye rasi ya Afungi, kilomita chache tu kutoka hapo, wakilinda mradi wa gesi wa Total. Watu wapatao 200 walijibanza katika hoteli ya Amarula. Siku mbili baadaye wengi wao walijaribu kutoka kwa msafara wa magari, wakaviziwa njiani. Wakazi wa kawaida walikimbilia porini na kwenye mikoko, au wakapanda mashua kwenda Pemba. Maelfu walivuka au walijaribu kuvuka Ruvuma kuingia Tanzania, na wengi wakarudishwa. Ng'ambo ya mto, Oktoba 2020, kijiji cha Kitaya mkoani Mtwara kilikuwa kimeshaonja shambulio lililotoka upande huo, na hofu ilikuwa bado mbichi.

Mji unavyomnyang'anya mwenye nguvu nguvu zake

Vita vya mjini vya Oktoba 2023 havikuanzia Gaza. Vilianzia Be'eri, kijiji kilichopoteza raia takriban 100, ambako wanamgambo walijifungia ndani ya nyumba moja na mateka zaidi ya kumi. Nje palikuwa na kikosi cha polisi, baadaye na kifaru. Mazungumzo yakagonga mwamba, jua likaanza kuzama, kifaru kikafyatua makombora kuelekea nyumba ile. Mateka wawili tu ndio waliotoka hai. Uchunguzi wa jeshi ulisema wengi wao yaelekea waliuawa na watekaji wenyewe, lakini kwa familia swali halijaisha. Kila ugumu wa kupigana mjini ulikuwa ndani ya nyumba ile: adui na raia chini ya paa moja, silaha kubwa kupita shabaha, na ofisa anayepaswa kuamua bila kuona kilicho nyuma ya ukuta.

Uwandani, jeshi kubwa hushinda kwa kuona mbali na kupiga mbali. Mjini haoni mtu zaidi ya ukuta ulio mbele yake. Warusi waliligundua hilo Grozny, mji mkuu wa Chechnya, mkesha wa mwaka mpya wa 1995, walipoingiza misafara ya vifaru katikati ya mji. Wachechnya walipiga kutoka ghorofa za juu na kutoka vyumba vya chini ya ardhi, na mizinga ya vifaru haikuweza kuinuka wala kuinama kiasi cha kuwafikia. Walichoma gari la kwanza na la mwisho, yaliyo katikati yakanasa. Brigedi ya 131 ilikaribia kuangamia kabisa.

Chukua nyumba moja tu. Askari mwenye uzoefu haingii kwa mlango, maana mlango na ngazi ndipo mabomu hutegwa. Kikosi hutoboa tundu ukutani, wa kwanza akaingia akiwa amekunjamana, hajui kama chumba kina mpiganaji, au bibi mgonjwa aliyeachwa, au watoto. Ana sekunde moja ya kuamua. Wakimaliza chumba hicho kuna kingine, kisha ghorofa, kisha paa, kisha chini kama kuna handaki. Nyumba ikishasafishwa lazima iachiwe walinzi, la sivyo wapiganaji watarudi nyuma yao kupitia matundu waliyotoboa wenyewe kutoka nyumba hadi nyumba. Ndiyo sababu askari elfu moja humezwa na mtaa mmoja. Kupiga mabomu kwanza hakuondoi tatizo, kwa kuwa ghorofa iliyoanguka huwa rundo la vifusi lenye maficho zaidi kuliko ghorofa iliyosimama, na barabara yake haipitiki tena kwa gari.

Marawi, kusini mwa Ufilipino, wapiganaji mia kadhaa walioapa utii kwa Dola ya Kiislamu waliudhibiti sehemu ya mji kuanzia 23 Mei 2017. Jeshi lilikuwa limezoea vita vya msituni. Magari ya deraya hayakuwa na kinga ya kutosha dhidi ya maroketi ya begani, basi askari wakayafunga mbao ubavuni ili roketi ilipuke kabla ya kufika kwenye bati. Wiki ya pili tu, ndege yao wenyewe iliua takriban askari wao kumi. Ilichukua miezi mitano, na zaidi ya watu 350,000 walihama makwao.

Vita vya kuukomboa mji wa Mosul, Iraq, kutoka kwa Dola ya Kiislamu vilikuwa vikubwa zaidi: miezi tisa, kuanzia Oktoba 2016 hadi Julai 2017. Machi 17, katika mtaa wa al-Jadida, wadunguzi wawili walikuwa juu ya paa wakizuia askari wa Iraq kusonga. Ndege ya Marekani ilidondosha bomu moja. Ndani ya jengo, bila waliorusha kujua, familia nyingi zilikuwa zimejificha. Zaidi ya watu 100 walikufa. Wamarekani walisema bomu lilichochea vilipuzi vilivyokuwa vimehifadhiwa humo. Hata ukikubali maelezo hayo yote, bado ilikuwa wadunguzi wawili kwa raia zaidi ya mia moja. Serikali ilikuwa imedondosha vipeperushi ikiwataka wakazi wabaki majumbani.

Sheria ya vita haijanyamaza juu ya haya. Lazima kutofautisha mpiganaji na raia. Lazima madhara kwa raia yasizidi faida ya kijeshi inayotarajiwa. Lazima tahadhari ichukuliwe kabla ya kupiga. Anayejificha nyuma ya raia anatenda uhalifu, na uhalifu huo haumfanyi raia kuwa shabaha halali. Watu hulisahau jambo hili kila upande unapokuwa na hasira ya haki, na hasira ya 7 Oktoba, siku iliyoua watu wapatao 1,200 na mateka 251 wakachukuliwa, ilikuwa kubwa na ya kweli. Gaza ina kilomita za mraba 365 na zaidi ya watu milioni mbili, mipaka imefungwa, na chini yake mtandao wa mahandaki. Mosul watu waliweza hatimaye kutoka nje ya mji. Gaza walitoka mtaa mmoja kwenda mwingine, na kwenda mwingine tena, karibu wote wakihama angalau mara moja. Kufikia Oktoba 2025, Wizara ya Afya ya Gaza ilihesabu waliouawa zaidi ya 67,000. Hakuna ugumu wa kijeshi, nao upo kweli, unaoweza kuifanya idadi hiyo iwe jambo la kupita tu.

Hofu na uchovu huua pia. Desemba 2023, huko Shuja'iyya, mtaa wa Jiji la Gaza, mateka watatu wa Kiisraeli waliowatoroka watekaji walitoka wakiwa vifua wazi, mmoja ameshika kijiti chenye kitambaa cheupe. Askari wa Israel waliwapiga risasi, wakidhani ni mtego. Kama hilo liliweza kuwapata watu ambao jeshi zima lilikuwa likiwatafuta, raia wa Kipalestina aliyeshika kitambaa kama hicho alikuwa na nafasi gani?

Upo mwendo mwingine, nao una gharama. Mogadishu, mizinga ya AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika nchini Somalia, iliua raia na kuwachukiza wakazi, na mwaka 2011 kikosi hicho kiliweka masharti ya kupunguza matumizi ya mizinga karibu na watu, hasa soko la Bakara. Askari wa Uganda na Burundi walisonga nyumba kwa nyumba, wakitoboa kuta, na wengi wao walikufa. Agosti mwaka huo Al-Shabaab waliondoka mjini. Kupunguza vifo vya raia mara nyingi humaanisha kuongeza hatari kwa askari. Serikali nyingi huogopa kuliambia taifa hivyo, kwa hiyo hatari huachiwa wale wasio na kura katika uamuzi.

Mji ukikombolewa

Mocímboa da Praia ilirudishwa na majeshi ya Rwanda na Msumbiji 8 Agosti 2021, baada ya karibu mwaka mzima mikononi mwa wanamgambo. Wakazi walikuwa wameshakimbia. Wapiganaji nao hawakungoja kumalizwa. Walitawanyika, na mwaka uliofuata mashambulio yalifika hadi mkoa wa Nampula, kusini zaidi. Vijiji vipya vikawa mpakani, ingawa mpaka wa nchi haukusogea.

Kwa mkazi, kazi ngumu huanza bendera ikishapandishwa. Marawi, sheria ya kuwafidia wahanga ilisainiwa Aprili 2022, karibu miaka mitano baada ya vita, na bodi ya kuishughulikia ikaanza kazi mwaka uliofuata. Kwanza ilibidi watu wathibitishe kwamba nyumba ilikuwepo, kwamba ilikuwa yao, na kwamba ndugu yao ambaye mwili haukuonekana kweli amekufa. Mtu aliyekimbia na nguo za mwilini atatoa wapi hati? Gaza na Cabo Delgado zina maelfu kwa maelfu ya watu watakaoulizwa hivyo hivyo. Karatasi zao ziko chini ya vifusi au ziliungua, na wanaoweza kuapa kwamba nyumba ya fulani ilikuwa hapa ni majirani, kama wamebaki hai na kama wanaishi mahali wanapoweza kupatikana. Kazi ya kuandika majina na viwanja vya hao waliohama inaweza kuanza sasa, kambini walipo, kabla risasi hazijanyamaza kabisa.